Nani Atawalisha Kindi

9 Januari

Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa barazani, mguu mmoja juani na mwingine kivulini, na huu wa juani ndio unaokusalimu zaidi, kwa sababu najua huko kwenu sasa hivi mtu huvaa soksi mbili mbili. Sisi hatujambo. Mwanangu muuguzi amehamishiwa wodi ya watoto, na tangu hapo anazungumza na kila mtu kama ana miaka mitatu. Jana alinipigia makofi kwa sababu nimemaliza chakula changu. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoliacha likivuja. Kindi wametoboa dari ya stoo tena, nimewafukuza kwa ufagio, wakakaa juu ya ukuta wakinitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwao.

Nina na la kukuchekesha. Nilishona mashati kumi na mawili ya wavulana wa shule, nikayapiga pasi, nikayakunja vizuri, nikayapeleka mwenyewe. Mwalimu mkuu akalifungua la kwanza, akalifungua la pili, akaniangalia. "Fundi," akasema, "mbona umeniletea wasichana kumi na wawili?" Yote, Kaka, nilikuwa nimeyatia vifungo upande wa kike. Miaka arobaini niko kwenye cherehani! Nikacheka naye, nikayabeba nikarudi nayo, nikayafumua moja moja.

Sasa neno lenyewe. Chumba chako nimekitoa vitu vyangu. Miaka yote hii nimekuwa nikishonea mle kwa ajili ya lile dirisha kubwa, lakini mwezi uliopita cherehani nimeihamishia hapa barazani, penye mwanga zaidi. Kitanda nimekigeuza kichwa kielekee mlangoni, ulivyokuwa ukipenda. Nataka uje. Sisemi uje kutembea, nasema uje ukae. Milango ya nchi imefunguliwa miaka kumi na miwili sasa, na wenzako wote mliokimbia pamoja wameshakuja, hata yule mwalimu wa hesabu aliyeapa hatakanyaga tena hapa. Alikuja, akalia siku mbili, akanenepa miezi miwili, na sasa hataki kuondoka.

Uje mwaka huu, kabla ya mwezi wa nane. Usiniulize kwa nini kabla ya mwezi wa nane. Nijibu tu ndiyo au hapana, na unijibu kwa kuandika, maana sisi wawili kwenye simu tunasalimiana mpaka simu inakatika.

Mdogo wako,
Pini

2 Februari

Pini wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa ule mguu wa juani. Barua yako ilitembea siku kumi na tisa, kisha ikakaa mfukoni mwangu siku tano. Nilikuwa nikiitoa kila nilipokaa kwenye benchi. Mpigie mpwa wangu makofi kwa niaba yangu. Nimecheka habari ya mashati mpaka kikohozi kikaamka. Kikohozi hiki na mimi tumezoeana kama wapangaji wawili wa nyumba moja, kila mmoja anajua saa za mwenzake.

Mimi bado niko kwenye chumba kilekile cha chini, chenye mlango wa kutokea bustanini. Kiwanda cha kujalidi vitabu kilinipa ile mashine ndogo ya kubania nilipostaafu, iko chini ya dirisha, na siku ambazo hewa ni nzito hunuka gundi ya unga hata kama sijaigusa mwezi mzima. Mara mojamoja mtu huniletea kamusi iliyokatika mgongo, nikaishona. Lakini siku zangu nyingi sasa ni za kindi.

Ngoja nikueleze, maana wewe unawajua kwa ufagio tu. Bustani yangu ina urefu wa hatua kumi na moja na upana wa hatua saba. Upande wa nyuma kuna ukuta wa matofali, na juu ya ukuta tofali moja limetoka, limeacha kijisahani. Hapo ndipo ninapoweka karanga, zisizo na chumvi, konzi moja, na punje kidogo za mahindi. Saa moja na robo asubuhi anakuja. Huwezi kumwona akija. Unatazama ukuta mtupu, unapepesa jicho, na ukuta una kindi. Nimempa jina la Karani, kwa sababu kila karanga huigeuza mara mbili mikononi kabla ya kuipokea, na nyingine huzirudisha kwenye tofali kwa dharau, kama fomu iliyokosewa. Nimesimama mbele ya makarani wengi maishani mwangu, Pini. Huyu peke yake ndiye nimempenda.

Kuna asubuhi ambazo sijui kama nimeshaamka. Ukungu unashuka, ukuta unapotea, linabaki lile tofali tu na mkia unaopepea juu ya kitu kisichoonekana. Nikikaa kimya vya kutosha, nasikia ndoo ikigonga ukingo wa kisima, na najua kabisa kwamba nikigeuza kichwa nitaona uwanja wetu wa nyuma, na wewe umejaza pini mdomoni, unajaribu kunitukana bila kuzimeza. Sigeuzi kichwa. Nimejifunza kwamba ukigeuza kichwa vyote vinaondoka, hata kindi.

Ana hila moja ambayo ni lazima uijue. Akijua anatazamwa, huchimba shimo, huingiza mdomo, hufukia kwa mikono miwili, hupigapiga udongo mpaka unakuwa laini kama shavu. Nimekwenda nikafukua. Hamna kitu! Karanga yote iko shavuni mwake, anakwenda kuificha pengine. Jirani yangu, dereva wa treni mstaafu, aliniona nimepiga magoti nikichimbua.

"Mzee wa Vitabu," akasema juu ya uzio, "unalea wezi. Mwakani watakuja na masanduku yao."

"Wakija na karatasi zao kamili," nikamwambia, "nitawagongea muhuri."

Kuhusu lile la kuja, nalifikiria. Lakini ardhi ya hapa bado ni ngumu kama sakafu, na Karani ameshanizoea. Nikiondoka sasa, nani atawalisha? Acha kwanza baridi ipungue, nitakuandikia vizuri.

Kaka yako

27 Februari

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Paa bado linavuja. Muuguzi anakusalimu na anasema unywe maji ya moto kwa hicho kikohozi na usijifanye daktari.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nzuri sana. Nimemwona Karani, nimeliona tofali, nimemsikia dereva wa treni. Kurasa nne! Nikatafuta ndiyo, sikuiona. Nikatafuta hapana, sikuiona. Umechimba, umeinamisha kichwa, umefukia kwa mikono miwili, umepigapiga udongo. Kaka, nimefukua. Hamna kitu.

Halafu unaniuliza nani atawalisha. Kwani kabla hujafika huko walikuwa wakila nini? Walikuwa wakipanga foleni wakikungoja?

Sikukuandikia mambo ya kindi. Nimekuuliza utakuja au hutakuja. Mwezi wa nane haukungoji baridi ipungue.

Pini

15 Mei

Mdogo wangu,

Umenichapa na nimestahili. Ukimya wangu wa miezi miwili na nusu haukuwa wa kununa. Tarehe mosi Machi kifua kilifunga kabisa, dereva wa treni akaniitia gari la wagonjwa, nikalazwa wiki sita. Sikukuandikia kwa sababu ungeacha kazi ukae unahesabu siku. Sasa niko nyumbani, napanda ngazi tatu za mlango bila kupumzika, na mpwa wangu aambiwe kwamba ninakunywa maji ya moto mpaka natoa mvuke. Barua yako aliniletea dereva kitandani. Alinitazama nikiisoma akauliza, "Habari mbaya?" Nikamwambia, "Hapana, ni mdogo wangu ananitukana." Akasema, "Afadhali. Sura yako imerudi."

Nataka kukueleza niliyoyakuta, hata kama unaona nachimba tena.

Siku zile za hospitali nilikuwa nikiwafikiria asubuhi na jioni. Dirisha la wodi lilikuwa juu sana, linaonyesha anga tu, na nilikuwa nikilitazama hilo anga nikimwona Karani amesimama juu ya tofali tupu, ameweka mikono kifuani, anatazama mlango wangu. Homa ilipopanda alikuwa akinisemesha. Aliniuliza kwa adabu kama nimejaza fomu. Nilimwomba dereva awawekee karanga, akaahidi. Niliporudi nikamuuliza.

"Siku ya kwanza nilisahau," akasema. "Siku ya pili nikasahau makusudi, nione watafanya nini."

"Wakafanya nini?"

"Wakahamia kwa mjane wa mwoka mikate. Ana roshani. Anawapa mkate wenye mbegu, Mzee wa Vitabu. Wewe na karanga zako umeshapitwa."

Nikadhani ananitania. Kesho yake niliweka karanga, nikakaa. Hakuja mtu mpaka siku ya nne. Wiki hiyo dereva alikuwa amepaka uzio wake rangi ya kijani, ikawa haijakauka, na saa moja na robo Karani akaja na mkia uliochovywa kijani. Nikafurahi kama mtoto. Dakika tano baadaye akaja Karani mwingine, hana kijani, na wa kwanza hajaondoka. Akaja wa tatu. Akaja wa nne, sikio lake moja limechanika, na huyo ndiye aliyegeuza karanga mara mbili. Miaka miwili, Pini, nimekuwa nikimsifu mmoja kwa ulafi wa wanne, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiningoja. Wote wanene. Wanang'aa.

Kwa hiyo swali langu la nani atawalisha, lifute. Lakini mkono wangu bado haujaandika ndiyo, na wewe si mtu wa kudanganywa mara mbili kwa shimo moja. Kuna jambo linalonizuia. Nimelianza kwenye karatasi tatu na zote tatu nimezichana.

Niruhusu nikuulize na mimi. Hospitalini sikuwa na cha kusoma ila barua zako, hizi mbili na tatu za mwaka jana. Mtu aliyeshika karatasi miaka thelathini na minne huiona karatasi kabla ya maneno. Herufi zako hazina miguu. Zile zinazopaswa kushuka chini ya mstari zinashuka kidogo kisha zinakatika ghafla, zote kwenye usawa mmoja, kama zimefika ukingo wa meza. Nilizipitisha kidole. Kuna mchubuko pale kalamu ilipogonga kitu kigumu. Barua ya Machi mwaka jana ina miguu yote. Ya Juni haina hata mmoja. Niliwahi kujalidi madaftari ya shule ya wasioona, naujua mkono wa namna hiyo.

Unaandika juu ya rula. Unailaza chini ya mstari ili mkono usipotee. Na cherehani umeihamishia barazani kwa ajili ya mwanga, na mashati kumi na mawili umeyatia vifungo kinyume, na mimi nikacheka mpaka nikakohoa.

Ni nini, mdogo wangu? Na mwezi wa nane kuna nini?

Kaka

11 Juni

Kaka,

Shikamoo, na pole. Nimekasirika hukuniambia ulilazwa, halafu nikakumbuka sina uso wa kukasirikia hilo. Hapa wazima. Paa tumeziba, fundi amekuja hatimaye, na sasa linavuja upande wa pili.

Barua yako alinisomea muuguzi. Ananisomea zote sasa, kwa hiyo uwe mwangalifu na unachoandika. Anaigiza sauti. Dereva wa treni amempa sauti nene, na wewe amekupa sauti ya mzee anayetafuta miwani. Alipofika pale kwenye rula aliishusha karatasi. Nikamwambia, "Soma." Akasema, "Mama, kumbe Mjomba ameona kutoka huko kote, na mimi ninayelala chumba cha pili nilichelewa miezi mitatu." Kisha akapiga chafya sana, unajua watu wa familia yetu hawalii.

Basi nikuambie. Ilianza mwaka jana mwezi wa tano. Kwanza uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Nikasema ni uzee, nikanunua miwani. Kisha likaja doa katikati, kama mtu amebandika kidole kwenye kioo na hataki kukiondoa. Nikitazama mshono, mshono haupo, ila kitambaa cha kulia na cha kushoto nakiona vizuri. Daktari wa macho anasema ndivyo ugonjwa huu ulivyo, unakula katikati na kuacha pembeni. Nikitaka kuona kikombe, natazama dirisha. Kikombe kinajitokeza pembeni kama mtu mwenye haya. Jicho la kushoto limekwisha hivyo kabisa. La kulia bado linapigana. Daktari alisema kufikia mwezi wa nane na lenyewe litakuwa halitofautishi uso na uso, hata kwa pembeni, litaona mwanga na vivuli. Hakuapa. Lakini mwanangu alikuwa akilifanyia utani jambo hili, na sasa ameacha.

Cherehani nimempa fundi wa mtaa wa pili. Usinipe pole, nimeshapewa nyingi, sina pa kuziweka.

Nikuambie na kitu cha ajabu. Tangu macho yawe hivi, nawaona kindi kuliko ninavyowaona watu. Daktari anasema pembeni mwa jicho ndipo panaposhika kitu kinachotikisika. Nakaa hapa barazani sina kazi, natazama mbele pasipo na kitu, na ukuta wote unaanza kuchemka. Mmoja anashuka na mpera kichwa chini. Mwingine anakimbia juu ya kamba ya nguo. Nikigeuka kumtazama, hayupo, kuna lile doa tu. Nikirudi kutazama mbele, huyo hapo, anakula. Kuna mchana najihisi niko ndani ya maji na wao ndio samaki. Ule ufagio sijui uko wapi. Nimeanza kuwawekea mahindi, na ukimwambia mtu nitakana.

Sasa hilo lako. Kaka, nimelijua siku zote, huna haja ya kuchana karatasi. Karatasi ya kuondokea ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Baba aliiweka mezani, hakusema ni ya nani, akatutazama wote wawili. Wewe ukaichukua. Hukuniuliza kama nataka.

Nilitaka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimeshajishonea gauni la safari, lenye mifuko ya ndani. Nilikukasirikia miaka kumi na moja. Kila asubuhi nilifungua dirisha lako nikakukasirikia, kisha nikakaa kwenye cherehani. Halafu nikaolewa, nikazaa, nikapata wateja wengi, na siku moja nikagundua kwamba nimefungua dirisha tu.

Sikuiti uje kuomba radhi. Muda wa hilo ulipita mimi nikiwa nashona. Nakuita nikuone. Uso wako nilionao ni wa kijana wa miaka ishirini na sita anayekimbia, hana hata mvi moja, na nikienda gizani na huyo nitakuwa nimekwenda na mtu nisiyemjua. Nataka mzee. Nataka hizo soksi mbili mbili na hiyo sauti ya kutafuta miwani. Njoo nikutazame wakati bado kuna cha kukutazamia.

Hii nimeiandika kwa siku nne. Rula iko chini yake, usiitafute.

Pini

6 Julai

Pini, na wewe mpwa wangu unayemsomea,

Salamu zenu zimefika, na sauti zangu mnazoniigiza nimezisikia kutoka huku. Mimi mzima. Mpwa, dereva wa treni anasema sauti yake si nene, ni ya mamlaka.

Ndiyo. Naiandika peke yake ili isipotee katikati ya kindi. Nitafika tarehe 30 Julai, saa tisa alasiri, na sina tikiti ya kurudi. Daktari wangu amenisikiliza kifua na kuniruhusu kwa shingo upande. Mashine ya kubania nimeipeleka kwa mwanafunzi wangu wa zamani. Chumba nimekitoa vitu, vimeenea kwenye begi moja, na nimeona haya jinsi lilivyo jepesi.

Kopo la karanga nimemkabidhi dereva. Alirudi nyuma kama nimempa nyoka. "Mimi? Niwalishe wezi?" Nikaliacha juu ya uzio, nikaingia ndani. Kesho yake saa moja na dakika kumi nilifungua pazia, nikamkuta amesimama kwenye bustani yangu na kofia yake ya kazini, saa mkononi. Wa kwanza alipotokea, dereva hakunigeukia, akasema tu kwa hasira, "Wamechelewa dakika tatu." Nimeshasahauliwa, Pini, na kwa mara ya kwanza jambo hilo limenilaza usingizi mzuri.

Sasa lile la karatasi. Umelisema karibu lote, na kwa upole ambao sikustahili. Kimebaki kipande kimoja ambacho huna, kwa sababu ulikuwa ukimtazama Baba. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Niliuona mkono wako ukitoka kwenye ukingo wa meza. Ulikuwa umeshatembea nusu ya njia. Nikauwahi. Na gauni nililiona pia, lilitundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, nikajifanya sijui ni la safari gani. Karatasi zote tatu nilizochana zilikuwa na maneno hayo tu. Hukusema nije kuomba radhi, basi siombi. Lakini kukasirika, kama umebakiza hata wiki moja, niwekee, nitakuja niichukue.

Mpwa wangu, hapa punguza mwendo, na usiigize sauti.

Pini, siku hiyo usije kunipokea. Msongamano wa watu utakuchosha macho bure, na mimi nataka yabaki yamepumzika. Lala mchana kidogo. Saa tisa utoke ukae barazani, jua likiwa nyuma yako, ili liniangukie mimi. Utasikia geti. Usigeuke. Itazame ile nguzo ya kulia ya baraza, itazame kwelikweli, kama ndiyo uliyoingoja miaka arobaini na moja. Mimi nitapita taratibu, nitavua kofia, nitasimama kushoto kwake. Ukisema sogea nitasogea, ukisema geuka nitageuka, ukitaka kunishika uso, shika.

Sitasema neno. Nitasimama hapo mpaka uniambie umemaliza.

Kaka yako